Singapore: tunu tano kwenye karatasi, kazi ikafanywa na lifti

Kuna jina moja likitajwa kijiweni lazima ubishi uwake, nalo ni Singapore. Mtu atakwambia walikuwa maskini kama sisi, mwingine anaongeza walikuwa nyuma yetu kabisa (si kweli hata kidogo, mwaka 1965 ile ilikuwa tayari bandari kubwa na kipato chao kilikuwa mbali na chetu, ila tuliache), halafu orodha inaanza: uwanja wa ndege, bandari, barabara safi, rushwa hamna, bigijii haiuzwi tangu 1992. Wenzetu Kenya nao mwaka 2025 wameahidiwa Singapore mpaka ikawa utani wa mtandaoni. Sasa kwenye hiyo orodha kuna kitu sijawahi kusikia mtu anakitaja na kwangu mimi ndo kikubwa kuliko bandari na uwanja wa ndege, yaani jinsi serikali ya kule ilivyoingia mpaka kwenye ngazi za nyumba za watu ikaamua nani akae jirani na nani.

Tuanze na watu wenyewe. Kati ya raia na wakazi wa kudumu, karibu robo tatu ni Wachina, Wamalay kama asilimia 13 na nusu, Wahindi kama 9, na wanaobaki wanaandikwa tu "Wengineo". Hapo usidhani Wachina ni kitu kimoja, babu zao walishuka melini na Kihokkien, Kiteochew, Kikantoni, mmoja akiongea mwenzake haambulii kitu. Wahindi wengi Watamil ila wamo Wapunjabi, Wamalayali (hawa si Wamalay), Wasindhi. Wamalay ndo wenyeji na katiba inawatambua hivyo. Mwingereza aliwakuta wachache akawaleta wengine wengi, na tangu miaka ya 1820 ramani ya mji ikawa imeshagawanywa, Wachina kule, Wamalay na Waarabu Kampong Glam, Wahindi upande wao, kila mtu na mtaa wake, kila mtu na wake.

Na walipigana, hili watu wanalisahau. Desemba 1950 mahakama iliamua binti wa Kidachi aliyelelewa na mama wa Kiislamu, Maria Hertogh, arudishwe kwa wazazi wake Wakatoliki, mji ukawaka, watu 18 wakafa. Tarehe 21 Julai 1964 zikaanza fujo kwenye zafa la Maulidi, Wamalay na Wachina, wakafa 23 na majeruhi mamia, Septemba zikarudi tena wakafa 13. Wakati huo Singapore ilikuwa ndani ya Malaysia, mwaka mmoja baadaye, 9 Agosti 1965, wakatolewa. Ndiyo, walitolewa, Lee Kuan Yew akalia kwenye TV nchi nzima inamtazama. Sisi huku uhuru tuliupigia ngoma, wale uhuru wao ulianza na waziri mkuu anafuta machozi kwa leso.

Kwahiyo swali la "sisi ni nani" kwao halikuwa la kupambia hotuba za sikukuu. Mwaka 1966 S. Rajaratnam, waziri wa mambo ya nje, Mtamil aliyezaliwa Jaffna huko Sri Lanka ya leo, akaandika kiapo ambacho watoto wanakisema shuleni asubuhi mpaka leo: sisi raia wa Singapore tunaahidi kuwa watu wamoja bila kujali asili, lugha wala dini. Fupi, limekaa vizuri, mtoto wa darasa la kwanza analiweza.

Halafu miaka ishirini na kitu baadaye wakaona hilo halitoshi. Oktoba 1988 Goh Chok Tong, aliyekuwa anaandaliwa kumrithi Lee, akatoa hoja kwamba vijana wanauiga umagharibi kupita kiasi, wanakuwa wabinafsi, nchi inahitaji itikadi yake. Januari 1989 Rais Wee Kim Wee akaitaja bungeni ikiwa na mambo manne, Januari 1991 ukatoka waraka rasmi wa serikali na bunge likazipitisha tunu tano: taifa kabla ya jamii ya asili yako na jamii kabla ya nafsi, familia ndo msingi, mtu mmoja mmoja aheshimiwe na asaidiwe na jamii, maelewano na sio mgogoro, na amani kati ya asili na dini. Ukizisoma harakaharaka utadhani unasoma kanga.

Mi naona kilichoachwa kina habari zaidi ya kilichoandikwa. Jirani zao wote wawili, Indonesia na Pancasila yao ya 1945, Malaysia na Rukun Negara ya 1970 iliyokuja baada ya damu ya fujo za Wamalay na Wachina za 1969 (zote ni misingi ya taifa kama hizo tunu), wameanza na Mungu. Singapore hawakumweka. Ukiwa na Wabudha, Watao, Waislamu, Wakristo, Wahindu na wasio na dini kwenye korido moja, kuandika "Mungu" kwenye tunu ya taifa tayari umeshachagua upande. Na kile cha mtu mmoja mmoja kuheshimiwa, hicho hakikuwemo kwenye yale manne ya 1989, kiliongezwa baadaye, yaani walianza na taifa, familia, maelewano na amani, ndo wakashtuka kwamba humu ndani hatujamtaja mtu mwenyewe.

Wamalay na Wahindi wao walikuwa na wasiwasi mwingine. Shuleni tangu 1984 kulikuwa na somo la maadili ya Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa Kichina, kati ya yale masomo ya dini ya kuchagua, serikali ikalipigia debe sana kabla ya kuachana na mpango mzima, sasa ghafla unaletewa waraka unaosema jamii kwanza, familia kwanza, msibishane. Mtu anajiuliza, hizi ni tunu za Singapore au ni tunu za Wachina zimevalishwa kanzu? Serikali ikakana, waraka wenyewe umejieleza sana kwenye hilo. Na hiyo "maelewano na sio mgogoro" ukiisoma ukikumbuka kwamba chama kile kile, PAP, kinatawala tangu 1959, na mwaka 2025 kimeshinda tena kwa kura asilimia 65 na ushee, unaelewa kwa nini wakosoaji waliisoma kwa lugha rahisi zaidi: nyamazeni.

Tusijifanye hili ni la kwao peke yao. Wakenya wana tunu zao kwenye katiba ya 2010, kifungu cha 10, ziko nyingi na nzuri. Sisi Tanzania rasimu ya Jaji Warioba ilikuwa na tunu za taifa, utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji, na watu walizipigania kweli bungeni Dodoma 2014 kabla mchakato mzima haujaingia kabatini. Mwambie mtu yeyote kwenye daladala azitaje bila kuingia Google. Sisemi kwa kuwacheka, hata mimi nilizirudia kuzisoma ndo nikakumbuka, ninachosema tu ni kwamba sijawahi kusikia popote duniani mtu aliyenyanyua mkono ampige jirani yake halafu akaushusha kwa sababu amekumbuka waraka wa serikali.

Ila anaweza kuushusha kwa sababu kesho asubuhi watakutana kwenye lifti.

Na hapo ndo nilipotaka kufika. Mwaka 1960 wakaanzisha shirika la nyumba, HDB, tuseme NHC yao ila chukua NHC uizidishe mara elfu. Mei 1961 moto ukala makazi ya mabanda ya Bukit Ho Swee, watu kama 16,000 wakalala nje, HDB wakajenga magorofa kwa kasi ambayo ndo iliwapa jina. Leo karibu asilimia 80 ya wakazi wanaishi kwenye flati za HDB na walio wengi wanazimiliki, kwa hati ya miaka 99. Sio nyumba za maskini, mwalimu anakaa humo, injinia anakaa humo, dereva wa teksi humo humo.

Mwanzoni watu walichanganyikana kwa sababu flati zilitolewa kwa zamu na bahati nasibu. Lakini kuuza na kununua kulivyoruhusiwa, taratibu kila mtu akawa anarudi kwa watu wake, Wamalay wakaanza kujaa Bedok na Tampines, Wachina Hougang. Hakuna aliyelazimisha, ni mambo ya kawaida tu, unataka kuwa karibu na mama, karibu na msikiti, karibu na duka linalouza unachokula. Serikali ikaangalia takwimu ikaona 1964 inarudi polepole kwa njia ya masoko ya nyumba. Tarehe 1 Machi 1989, yaani miezi miwili tu baada ya Rais kuhutubia bunge kuhusu tunu, ikaja sheria ya viwango: kwenye mtaa Wachina wasizidi asilimia 84 na kwenye jengo moja 87, Wamalay 22 kwa mtaa na 25 kwa jengo, Wahindi na Wengineo 10 kwa 13, hii ya mwisho ikapandishwa 2010 ikawa 12 kwa 15.

Sasa ona inavyofanya kazi. Unataka kununua flati, asili yako inaangaliwa. Kama jengo limejaa watu wa asili yako, hununui, labda anayekuuzia naye awe wa asili yako, maana hapo idadi haibadiliki. Basi. Hakuna hotuba hapo, wala anayekuuliza kama unampenda Mmalay au humpendi. Unahamia, mlango wa pili anakaa mtu anayefunga Ramadhani, wa tatu ana kialtare chekundu cha mababu mlangoni na ubani unawaka, wa nne anapika samaki kwa majani ya mchuzi na harufu inajaa korido nzima, na nyote mna lifti moja na bomba moja la kutupia taka.

Chini ya hayo magorofa wameacha sakafu ya kwanza wazi, nguzo tu na zege, wanaita void deck. Hapo ndo utaona vitu. Jumamosi Mmalay anafunga turubai anaozesha, kompang zinapigwa (ni matari yale, mtu wa Pwani akiyasikia hahitaji kutafsiriwa), wali unapakuliwa, wiki inayofuata pale pale Wachina wanaweka msiba siku tatu au tano, jeneza liko hapo, wazee wanacheza karata usiku kucha kumsindikiza marehemu. Nguzo zile zile. Wanaotoka kazini wanakatiza katikati ya harusi au ya msiba kwenda kwenye lifti, wanainamisha kichwa kidogo, wanapita. Kwa kweli nikiambiwa nichague kitu kimoja kinachoitwa tunu ya taifa kule, nachukua hiyo ya kuinamisha kichwa ukapita.

Lakini msije mkasema nimewasifia mpaka nikalewa. Hiyo sheria ina bei na bei hailipwi sawasawa. Mchina akiuza flati yake wanunuzi ni wengi, robo tatu ya nchi ni wenzake. Mmalay au Mhindi akiwa kwenye jengo ambalo kiwango cha Wachina kimefika, hawezi kumuuzia Mchina, amebaki na wanunuzi wachache wa kundi lake na wengineo, flati inakaa sokoni miezi, anashusha bei. Yaani umoja wa taifa anaulipia kwa pesa yake ya uzeeni yule yule ambaye yuko wachache. Serikali ililijua hili kwa miaka mingi, ikaendelea kusema faida ni kubwa kuliko hasara, mpaka mwaka 2022 ndo ikaanza kuzinunua yenyewe flati za waliokwama kabisa. Zaidi ya miaka thelathini hiyo. Halafu kuna la siasa, wachambuzi wa kule wanalisema, kwamba ukishawatawanya Wamalay kila mtaa asilimia ishirini na kidogo, hakuna jimbo hata moja watakalokuwa wengi. Serikali itakujibu ndo maana tangu 1988 kuna majimbo ya kundi ambapo lazima mgombea mmoja wa timu awe wa asili ya wachache, mpinzani atakujibu ndo maana ni vigumu kuiangusha timu yenye waziri ndani. Wote wawili hawajakosea.

Jeshi nalo ni hivyo hivyo. Tangu 1967 kila kijana wa kiume anaenda miaka miwili, tajiri na maskini chumba kimoja, sisi tuliopitia JKT au tuliopangiwa sekondari mkoa wa mbali tunajua ile kitu, unatoka Tanga unapelekwa Songea unarudi na marafiki na utani wa maisha. Ila miaka ya mwanzo vijana wengi wa Kimalay hawakuitwa, kwa sababu serikali ilikuwa na shaka wangesimama upande gani Malaysia na Indonesia wakiwa hapo mlangoni. Fikiria una miaka 18, rafiki zako wote wa mtaani wameitwa, wewe barua haijaja, na hakuna anayekwambia kwa nini. Na waajiri wengi hawakutaka kijana ambaye huenda akaitwa kesho. Kwenye kiapo umesema bila kujali asili kila asubuhi kwa miaka kumi.

Lugha ndo inanivutia zaidi, labda kwa sababu ya kwetu. Wimbo wa taifa, Majulah Singapura wa Zubir Said, uko kwa Kimalay, lugha ya wachache, na wengi wanaouimba hawawezi hata kuagiza chakula vizuri kwa lugha hiyo. Ukiusikiliza wewe Mswahili utashika neno moja papo hapo, rakyat, ambalo ni raia yetu, wote tumelitoa kwa Mwarabu. Wakisalimiana wanasema apa khabar, habari gani. Hii ya kuchukua lugha ya bandari badala ya lugha ya walio wengi inaeleweka kwetu bila maelezo, Nyerere hakuchagua Kisukuma. Tofauti ni kwamba sisi tulikaa kwenye Kiswahili, wao Kimalay wakakiacha kwenye wimbo na paredi, kazi na shule vikaenda kwa Kiingereza.

Kwa Wachina wakafanya kingine. Mwaka 1979 Lee Kuan Yew akazindua kampeni ya kuongea Kimandarin, zile lugha za mababu zikaondolewa kwenye TV na redio miaka michache baadaye. Bibi aliyejua Kihokkien tu akabaki na TV asiyoielewa na wajukuu asioelewana nao. Na matokeo yake nini? Sensa ya 2020 inaonyesha asilimia 48.3 ya wakazi wa miaka mitano kwenda juu lugha kuu ya nyumbani kwao ni Kiingereza. Mandarin iliua Kihokkien halafu yenyewe ikaanza kumezwa. Serikali ilipanga lugha ya mama kwa kila kundi, tena mara nyingi kwa kufuata asili ya baba (eti lugha ya mama), watu wakajitengenezea yao.

Yaani Singlish. Kiingereza kimechanganywa na Kimalay, Kihokkien, Kitamil, sentensi zimekatwa vichwa na miguu, "lah" mwishoni. Mtu mwenye pupa ya kuogopa kupitwa ni kiasu, neno la Kihokkien. Kuwahi meza ni kuchope, unaacha pakiti ya tishu juu ya meza unaenda kwenye foleni na hakuna atakayeigusa. Kula ni makan kwa kila mtu, Mchina, Mhindi, yeyote. Serikali mwaka 2000 ikaanzisha kampeni ya Kiingereza fasaha kuipiga vita Singlish, na Singlish ikazidi kunenepa, maana hiyo ndo lugha ya jeshini na ya kwenye foleni. Tunu tano zilipitishwa na bunge hakuna anayezitumia kujitambulisha akiwa ugenini, lakini Msingapore akiwa uwanja wa ndege London akisikia "lah" moja anageuka.

Chakula usiseme. Wale mama ntilie na wachuuzi wa barabarani waliondolewa mitaani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ila hawakufukuzwa na mgambo na kumwagiwa sufuria, walipewa vibanda kwenye masoko ya chakula yenye maji na leseni, kazi ilichukua mpaka katikati ya miaka ya 1980. Desemba 2020 UNESCO ikaiandika hiyo kama urithi. Unamwita muuzaji uncle au auntie hata kama hamfanani hata kope. Na sehemu ya kurudishia sinia ziko mbili, ya halali na isiyo halali, ili Mwislamu asichanganyiwe na vyombo vya nguruwe. Kibao kidogo tu ukutani.

Sasa kuna kisa cha 2011 ambacho kwangu ndo mtihani wenyewe. Ilitoka habari kwenye gazeti kwamba familia moja iliyohamia kutoka China ililalamikia harufu ya mchuzi wa jirani zao Wahindi, wakapelekwa kwenye usuluhishi, na mwisho Wahindi wakakubali kupika mchuzi pale tu wale jirani wanapokuwa hawapo. Hapo tumia akili, nchi ina Wachina robo tatu, nani ataungwa mkono? Watu walichachamaa mtandaoni, maelfu, Wachina wa Singapore wakiwa mbele, na Jumapili moja ya Agosti wakatangaza siku ya nchi nzima kupika mchuzi. Wakapika, mpaka waliokuwa hawajui kupika wakapika. Mchina wa Singapore alimwona Mhindi wa korido yake kuwa ni "sisi" na Mchina wa Bara kuwa ni "wao". Mwaka 1964 hicho kitu hakipo, na hakikuletwa na waraka wa 1991, ni miaka ishirini na mbili ya kunusa mchuzi wa mtu kwenye ngazi mpaka ukawa wako.

Ila serikali yenyewe inaonekana haiamini. Kitambulisho bado kina asili yako imeandikwa. Tangu 2011 mtoto wa mchanganyiko anaweza kuandikwa zote mbili na kistari katikati, ila ya kwanza ndo inayohesabiwa kwenye viwango vya nyumba. Agosti 2009 mbunge mmoja wa kuteuliwa alileta hoja bungeni kwamba kiapo cha taifa ndo kiwe dira ya sera, mzee Lee, miaka 85 na ushee, akainuka mwenyewe kumjibu, akasema kile kiapo ni matarajio, hakijawa hali halisi, na kwamba katiba yenyewe inaitaka serikali iwaangalie Wamalay kwa nafasi yao ya pekee. Yaani baba wa taifa anawaambia bungeni msikichukulie kiapo kama kilivyo. Sijui kama kuna kiongozi wa kwetu angethubutu. Mwaka 2017 nafasi ya urais ikatengwa kwa Mmalay, Halimah Yacob akapita bila kupingwa, watu wakanung'unika kwamba baba yake ni Mhindi Mwislamu na pia kwamba walinyimwa kura. Machi 2019 Heng Swee Keat, aliyetarajiwa kuwa waziri mkuu, akasema kizazi cha wazee hakiko tayari kwa waziri mkuu asiye Mchina. Septemba 2023 uchaguzi wa urais ukawa wazi kwa wote, Tharman Shanmugaratnam, Mtamil, akawabwaga Wachina wawili kwa asilimia 70.4. Watetezi wa serikali wanasema urais sio uwaziri mkuu. Sawa, ila hiyo asilimia sabini wazee hawakuwemo?

Mimi nadhani wazee walikuwemo na ni hao hao wa kwenye lifti.

Lakini hiyo "sisi" ya kwenye mchuzi ina upande wa pili, na wanaotuletea Singapore majukwaani hawaufikii. Katikati ya 2024 watu waliokuwa pale ni milioni 6.04, raia ni milioni 3.64 tu. Kuna zaidi ya milioni moja na laki nane ambao si raia wala wakazi wa kudumu, na kati yao wale wa chini kabisa, Wabangladeshi na Wahindi wanaojenga hizo flati, wanalala kwenye mabweni nje kidogo ya mitaa, chumba kimoja vitanda vya juu na chini, wanabebwa kazini nyuma ya lori. Hawa hawamo kwenye asilimia 84, wala 22, wala 12. Void deck wameimimina zege wao lakini hawana harusi ya kufanyia pale. Desemba 2013 basi lilimgonga na kumuua mfanyakazi mmoja wa Kihindi pale Little India, zikatokea fujo, magari yakachomwa, za kwanza kubwa kwa zaidi ya miaka arobaini, na majibu makubwa ya haraka yakawa kuzuia pombe eneo lile. Korona ilipoingia 2020 walioambukizwa wengi walikuwa wa mabwenini, wakafungiwa humo, na mitaa ya HDB ilipofunguliwa wao wakabaki. Juni 2022 ndo wakaambiwa sasa mnaweza kutoka bila kuomba ruhusa ya kutoka, isipokuwa Jumapili na sikukuu, anayetaka kwenda Little India, au Chinatown, au Geylang Serai, aombe kwanza pasi.